Pamba ya Bomba Haikazwi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipotolewa jasho na bomba la hewa, na mpaka leo nikiisimulia kifua hunijaa. Nilikuwa kijana, mtoto wa fundi mashua pale Dunga, ufukweni mwa ziwa karibu na Kisumu, na sifa nilikuwa nazo nyingi kuliko akili. Baba alinifundisha kuziba nyufa: pamba unaisokota, unaisindilia kati ya mbao kwa patasi na nyundo mpaka inakuwa ngumu. Hapo hakuna aliyeniweza, nami nilihakikisha kila mtu anajua. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Basi karakanani tukapewa kazi ya kutengeneza boti ya wagonjwa, ya kuwaleta akina mama kutoka visiwani hadi hospitali ya Kisumu. Upepo wa ziwani alfajiri usiuchezee. Kwa mtoto njiti ni adui. Kwa hiyo nyuma, karibu na injini, iliwekwa hita, na bomba la bati likapita chini ya sakafu kupeleka hewa ya moto chumba cha mbele. Kazi yangu ilikuwa kulivika bomba hilo pamba ya kioo, ile laini inayowasha ngozi, ili joto lisipotelee njiani. Kesho yake boti ilikuwa imfuate mama aliyejifungua kabla ya wakati.

Nikalivika bomba, nikaikaza pamba kwa waya mpaka ikawa nyembamba kama ganda. Mama Awuor, msimamizi wetu, aliyekuwa amefunika mabomba ya mvuke kiwanda cha sukari miaka mingi, akawasha hita. Tukaweka mikono kwenye tundu la mbele. Hewa ilitoka vuguvugu tu.

"Wuoda," akaniita Mama Awuor, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "hii kitu umefanya nini?"

"Nimekaza vizuri, Mama. Hata maji haiwezi pita."

"Nani alikuambia hii bomba inaogopa maji? Joto inashikwa na hewa yenye imekaa ndani ya pamba. Wewe umefinya yote ikatoka. Toa, anza tena."

Wenzangu walicheka, weee! Kiburi kilinishauri nitupe koleo niende zangu, na karibu nikisikilize. Lakini nilimfikiria yule mtoto, nikaona aibu zaidi. Nikafungua yote. Mama Awuor akapiga magoti kando yangu na pamba mpya, akanionyesha: unaizungusha ikiwa imetuna, waya unashika tu, na viungo huviachi wazi. Kabla jua halijatua nikarudi kwenye tundu, na safari hii ilibidi niondoe mkono haraka.

Kesho yake muuguzi akashuka na yule mtoto, akanifunulia mguu mdogo niuguse. Ulikuwa na joto. Nililia mbele ya watu, mwanangu, na sikuona haya. Nimetengeneza boti nyingi tangu hapo, lakini hakuna cheti kinachoushinda mguu ule.

Kwa hiyo nakuambia, ujuzi wa baba yako ni mali, ila kabla hujanyanyua nyundo jua kazi iliyo mbele yako inataka nini. Kuuliza si ujinga. Na ukikosolewa mbele ya wenzako, usinune. Fungua, anza tena, kwa maana kuna mtu asiyekujua anayeitegemea kazi yako. Mungu aibariki mikono yako, akupe watu wa kukuambia ukweli mapema, na akujalie siku moja uiguse kazi yako ikiwa hai. Amina.