Mto Wenye Tundu Siku ya Ndoa Yangu

Washkaji, hii nawasimulia mwenyewe kabla hamjaipata kwa mtu mwingine, maana Kisarawe wanayo tayari, tena wanayo kwa sauti ya spika, na mtacheka mpaka mnikere, ila chekeni tu, mjinga kwenye hii habari ni mmoja na ndiye huyu anayeongea.

Kazi yangu mnaijua, nashona siti za pikipiki pale Kongowe (Kongowe ya Kibaha, si ile ya Dar), yaani mimi Rajabu ndiye ninayekalisha nusu ya Kibaha, halafu mwenyewe nikawa siwezi kukaa, kwa sababu miaka miwili nilikuwa nimeota vinyama viwili sehemu ya haja kubwa. Nimeshasema. Vilianza kama punje za mchele, vikawa kama punje za mahindi, vinawasha, vinatoa damu nikienda chooni, na mimi nimekausha, kwa sababu mtaani ukisema una tatizo huko nyuma watu hawasikii ugonjwa, wanasikia mambo mengine kabisa. Nikanunua dawa ya kichupa kwa jamaa mmoja wa stendi, ikaniunguza nikalala kifudifudi siku mbili, ndipo nikajipeleka hospitali.

Na hapo nisiwafiche, nilikutana na watu. Daktari kijana kama mimi tu, hakucheka wala hakukunja uso, akapima, akasema hivi vinaonekana ni vinyama vya kawaida, tunavikata, tunavipeleka maabara kuhakikisha (majibu yalirudi safi, si saratani, nilimshukuru Mungu nikiwa nimesimama). Wakanichoma ganzi ya mgongo, miguu ikawa kama ya mtu mwingine, wao wananikata huku wanaongelea foleni ya Kimara. Nikamwambia, "Dokta, shona vizuri, siti ikishonwa vizuri uzi hauonekani." Akasema, "Hapa hatushoni, fundi. Kidonda tunakiacha wazi kipone chenyewe."

Ila aliyenikamata kabisa ni Sista Modesta, nesi wa makamo, anaongea na wewe habari za makalio yako kama anaongelea bei ya nyanya. Siku ya kuniruhusu akanipanga: "Maji ya uvuguvugu kwenye beseni, unakaa dakika kumi na tano, asubuhi, jioni, na kila ukitoka chooni. Dawa ya kulainisha choo usiruke. Papai, mboga, maji mengi. Na usikalie kitu kigumu."

"Sista, mimi naoa baada ya siku kumi na nane."

"Hongera. Mwambie mkeo."

"Atanicheka."

Akaniangalia. "Anakuja kuishi na wewe chumba kimoja. Beseni utalificha wapi?"

Swali zuri sana lile. Nikarudi kwangu, nikakaa kwenye beseni kama nilivyoambiwa (choo cha kwanza sitawasimulia, jueni tu niliita majina ya watu waliokufa zamani), na kidonda kikawa kinapona kweli, polepole, ila kwenye sakafu sikuweza kukaa hata kwa kuhesabu mpaka kumi. Na ndoa yenyewe tunafunga kwenye mkeka, bwana harusi anakaa chini mbele ya baba mkwe, mkono kwa mkono. Kadi zimeshagawiwa. Hapo ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo: nikachukua sponji nzito, nikakata duara, nikatoboa tundu katikati, nikalivalisha kitambaa cha kijani chenye nyuzi za dhahabu, mto ukatoka mzuri mpaka nikajipongeza, halafu nikampigia mchumba wangu Zuhura nikamwambia kwetu Maneromango bwana harusi lazima akalie mto wa ukoo.

"Mbona hujawahi kuniambia?"

"Mila haitangazwi," nikasema.

Sasa niwaambie ninayemwogopa. Mzee Salehe, baba yake Zuhura, karani mstaafu, kanzu yake ukigusa mkunjo wa pasi unaweza kukatika kidole, maneno yake machache, na kwenye kahawa wenzake wote wamekaa kwenye benchi yeye anakunywa amesimama. Nilikuwa najisemea huyu mzee maringo yake hayakalii hata benchi. Huyo ndiye ninayekwenda kumpelekea uongo wa sponji.

Siku ikafika. Kutoka Kibaha mpaka Kisarawe, kwa kina Zuhura, nilipiga magoti kwenye siti ya nyuma ya Noah nikitazama kioo cha nyuma, nawaambia nawaangalia wa gari la pili wasipotee, na mama yangu akawa ananitazama tu. Tunaingia, shangazi yake Zuhura, Bi Mwajuma, akaupokea mto kwa mikono miwili.

"Ndio mto wa ukoo huu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Wa tangu lini?"

Hapa ningesema wa juzi mambo yangeisha. Nikasema, "Tangu babu mzaa babu." Mto wenyewe bado unanuka gundi.

Bi Mwajuma akatikisa kichwa kwa heshima. "Basi, mwanangu, kwenu mnaukalia, ila humu ndani kitu cha wazee hakiwekwi chini ya makalio." Akaupandisha juu ya kabati la vyombo, akaufukiza udi. Nikamgeukia mama yangu, mzaliwa wa Maneromango huyo, anisaidie. Akaangalia dari.

Nikakaa. Mkeka juu ya saruji. Shehe akaanza mawaidha, na kati ya mada zote duniani akachagua subira, akaeleza subira ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza, mimi jasho linashuka mpaka kwenye ndevu, nahamia tako la kulia, nahamia la kushoto, yote yananikataa. Mbele yetu kuna maiki, imeunganishwa na spika uani ili akina mama wasikie. Mwisho Mzee Salehe akanishika mkono, akasema, "Nimekuoza binti yangu Zuhura kwa mahari tuliyokubaliana," nami nikafungua mdomo.

"Nime..."

Kikanichoma. Nikajaribu tena, "Nime...", sauti ikageuka ya mbuzi. Mara ya tatu machozi yakatoka yenyewe.

Shehe akafunga kitabu chake. "Kijana, umelazimishwa?"

"Hapana, shehe."

"Mbona unalia? Ndoa ya mtu asiyetaka mimi siifungi."

Uani wakaanza kunong'ona, Bi Mwajuma akasema kwa nguvu, "Kama hamtaki mwanetu, aseme, tukamvue bibi harusi shela mapema," na chumba cha pili nikamsikia Zuhura anavuta kamasi. Oya, hapo nikaelewa kwamba dakika mbili zijazo sina mke. Nikamwinamia Mzee Salehe sikioni, nikanong'ona, "Baba, nampenda. Nimekatwa vinyama huku nyuma, kidonda bado kibichi, siwezi kukaa."

Maiki ilikuwa hapohapo. Nikasikia sauti yangu inarudi kutoka uani, imenenepa: siwezi kukaa. Huko uani mtu akaangusha sufuria.

Nilisubiri Mzee Salehe auachie mkono wangu. Hakuuachia. Akainuka taratibu, akaninyanyua nao uleule mkono, akanisimamisha mbele yake.

"Shehe, kuna mahali pameandikwa lazima tukae?"

Shehe akafikiri. "Hapana. Kukaa si nguzo ya ndoa."

"Basi tunasimama."

Na chumba kizima kikasimama naye. Wazee wenye fimbo, baba yangu mdogo mwenye magoti mabovu, shehe mwenyewe, hakuna aliyecheka kwa sababu yeye hakucheka, na nikasema nimekubali kwa sauti iliyofanya spika ipige mluzi. Mimi kwa utani mnanijua, naweza kuchekesha msiba, ila siku ile nilimwona mtu anayeweza kunyamazisha kicheko cha mtaa mzima kwa kunyanyuka tu, na tangu hapo nikisikia mwanamume anasifiwa nauliza kwanza kama anamfikia yule.

Nilipoingia kumpa mkono Zuhura, macho bado mekundu, akasema, "Mila haitangazwi, eh?" Nikamwambia kila kitu palepale, na la beseni pia. Tangu siku hiyo nimeapa, mwili wangu ukiwa na jambo nitalisema likiwa bado punje ya mchele, kwa midomo yangu, bila maiki.

Pilau nikala nimesimama kwenye kona ya uani. Mzee Salehe akaja na sahani yake, akasimama pembeni yangu, tukala, kisha akageuza kichwa kuhakikisha maiki iko mbali.

"Mimi nilikatwa mwaka niliostaafu, benchi mpaka leo silipendi," akasema. "Beseni langu la bluu liko uvunguni. Ondoka nalo leo, na likirudi lirudi safi."