Risasi Sitini za Babu Jirani

Wiki iliyopita, katika maabara ya chuo pale Kensington, huku Australia, msimamizi wetu alisimama nyuma yangu nikiwa napima unga wa dawa, akaniambia niandike namba ninayoiona kwenye mizani, si ile ninayoitarajia. Hakuwa na ubaya, wanafunzi wote huwaambia hivyo. Lakini mimi nilihisi uso unanichoma. Nikaweka kijiko chini, nikasingizia haja, na huko msalani nikakaa mpaka mwenzangu akaja kunigongea. Wewe unayesoma, vuta kiti. Nitakusimulia jambo ambalo hata mama yangu mzazi sijamwambia.

Miaka ile ya korona tulikuwa tukiishi Granville, mimi, mama na nyanya, katika kijumba cha vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mzee mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mzee huyo alikuwa Mhindi wa Kisumu, aliyehamia Australia kabla mama yangu hajazaliwa. Mkewe alishafariki, na mwanawe wa pekee alikuwa Melbourne. Siku tuliyohamia alitusikia tukibishana juu ya godoro lililogoma kupita mlangoni, akatoka na kutuambia, kwa Kiswahili, tulikunje. Nyanya aliketi kwenye ngazi akacheka mpaka akatoa machozi. Tangu tutoke kambi ya wakimbizi kule Kigoma, alisema, hakutegemea kuamrishwa na mtu kwa lugha anayoielewa. Mama alimwita muzee, mimi nilimwita Babu Jirani.

Kati ya nyumba yake na kijumba chetu palikuwa na gereji ambayo gari halikuwahi kuingia. Ukipita mlangoni ulikutana na harufu ya mafuta ya mashine, ya shaba na ya chai ya tangawizi, zote kwa pamoja. Asubuhi tuliamshwa na mngurumo wa chombo chake cha kusafishia maganda ya risasi, maana aliyazungusha humo pamoja na magunzi yaliyosagwa mpaka yang'ae. Nyanya alikuwa akiuliza huyu mwanamume anatwanga nini kila siku na unga hatuuoni.

Babu Jirani alikuwa mlenga shabaha. Kabla ya korona, kila Jumamosi alikwenda kwenye kiwanja cha klabu yake, akalala kifudifudi na bunduki yake ndefu, akapiga karatasi iliyosimama karibu kilomita moja mbele. Mama alipolijua hilo alinuna siku tatu. Mama alitoka Uvira, kule Kongo, kwa miguu akikimbia vita, na kwake risasi ina maana moja tu. Siku ya nne alimfuata gerejini, mikono kiunoni.

"Muzee," akamwuliza, "sasa ile karatasi ilikukosea nini?"

Babu Jirani alicheka hadi akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akamwonyesha kabati la chuma lenye kufuli mbili, akamwahidi kwamba mimi sitaiona bunduki hiyo hata kwa bahati mbaya. Alitimiza ahadi. Kazi niliyokuja kupewa mimi ilikuwa ya mizani.

Risasi za dukani, alinieleza, hutengenezwa kwa ajili ya kila mtu, kama sare za shule. Anayelenga mbali hujitengenezea zake. Ganda lililokwisha kupigwa husafishwa na kupimwa urefu, hutiwa kiwashio kipya, hutiwa baruti, halafu kichwa cha risasi hushindiliwa mdomoni kwa mashine ya mkono. Ugumu uko kwenye kujua baruti kiasi gani. Alitengeneza tano za uzito huu, tano zilizozidi kidogo, tano zilizozidi kidogo tena, akaenda kuzipiga, akatazama zipi zimekaa pamoja kwenye karatasi. Akibadilisha kitu, alibadilisha kimoja tu, na kila kitu aliandika katika daftari gumu lenye mistari: siku, upepo, uzito, matokeo. Kipimo chake alikitafuta misimu miwili. Alikipata mwezi mmoja kabla serikali haijatufungia tena ndani, kiwanja kikafungwa, na daftari likabaki linasubiri.

Baruti yenyewe ilikuwa vipande vifupi vya kijivu, kama ncha za penseli zilizovunjika. Chombo cha kuimwagia alikipanga makusudi kimwage pungufu kidogo. Upungufu ule ulijazwa kwa kibano, kipande kimoja kimoja, mpaka mkono wa mizani utulie sawasawa kwenye mstari. Hapo ndipo aliponihitaji, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka na macho yalimchelewesha. Akiishika bunduki chini kwenye mkeka mikono ilitulia, alisema, lakini kibano kilimshinda. Basi tukakaa, barakoa usoni, mlango wa gereji wazi, yeye upande ule wa meza na mimi upande huu. Aliniita fundi.

Niseme kweli, nilizipenda siku hizo. Shule ilikuwa kwenye kompyuta, mama alikuwa kazini akihudumia wazee tangu alfajiri, na mtaa ulikuwa kimya hata ungesikia treni ikifunga breki stesheni. Nyanya akipika sombe, yale majani ya muhogo, nilipeleka sahani kwa Babu Jirani, nayo sahani ilirudi na chevda, vile vitafunio vikavu vya Kihindi vyenye pilipili, kwa kuwa hakuwa mtu wa kurudisha sahani tupu. Siku wanajeshi walipopita mtaani na polisi wakigonga milango kuhakikisha hakuna aliyetoka, nyanya alivuta pazia akakaa sakafuni na kukataa kuinuka. Mimi nilikimbilia gerejini. Ajabu yake, palipokuwa na baruti ndipo nilipojiona salama.

Nyanya naye alikuwa na elimu yake ya vipimo. Kambini aliuza maharage kwa kopo, akilisawazisha kwa kiganja, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia. Haba na haba hujaza kibaba, alizoea kusema. Nilipomsimulia Babu Jirani, aliinamisha kichwa kwa heshima, akasema nyanya yuko sawa, lakini maharage yakizidi mtu anashiba, na hii ikizidi, kule mbele iko nje ya karatasi.

Sasa nikuambie lililokuwa likingojewa. Mchana mmoja mwanawe alipiga simu, na mzee, kwa kuwa masikio yalikuwa mazito, aliweka spika. Mwana alitaka auze nyumba ahamie karibu naye, mahali pa wazee. Mwezi uliotangulia mzee alikuwa ameteleza bafuni, na mwana hakupata usingizi tangu hapo. Walibishana sana, mara kwa Kiingereza mara kwa Kigujarati, mpaka mzee akatoa neno la mwisho. Klabu ikifunguliwa, atapiga shindano la kwanza. Risasi zikikaa pamoja, anabaki nyumbani kwake na asisumbuliwe tena. Zikitawanyika, mikono imekwisha, na atauza bila kinyongo. Mwana alikubali. Simu ilipokatwa, mzee alinigeukia akanitafsiria yote kwa Kiswahili, ili nisije nikasema sikujua.

Risasi zilizohitajika zilikuwa sitini. Tulizitengeneza siku moja ya jua, mwishoni mwa kufungiwa. Kumi na tisa za kwanza nilizipima kwa uaminifu, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Babu Jirani alikuwa amesogeza kiti chake nje, anasinzia. Simu yangu ikatetemeka. Rafiki yangu wa darasani alikuwa na sherehe ya kuzaliwa kwa video, na wenzetu wote walishaingia, wanacheka, wananiuliza niko wapi. Nikaisimamisha simu kwenye kopo la baruti. Nikawa nachota kwa kibano vipande vitatu, vinne, mara vitano, naongeza bila kuitazama mizani, namimina katika ganda, na kuandika uzito uleule. Moyoni nilijiambia kwamba nina jicho la nyanya. Uongo mtupu. Nyanya angelimwaga kopo zima na kuanza upya kwa ajili ya punje chache. Mimi nilikuwa na haraka ya kucheka na wenzangu, basi. Namba moja niliiandika mara arobaini na moja, kwa mwandiko safi kuliko siku zote.

Alipoamka alishindilia vichwa vyote sitini mwenyewe, akazipanga kwenye sanduku kwa mfuatano wa daftari. Kisha akapitisha kidole kwenye safu yangu ya namba, juu mpaka chini, akasema hakuna hata moja iliyopotea. Akanipa pakiti nzima ya chevda. Niliila yote, nikalamba na vidole.

Shindano likafika. Alirudi jioni jua lingalipo, akaingiza bunduki kabatini, akaja kukaa kwenye ngazi zetu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Nyanya alikuwa anachambua majani ya sombe. Mama alikuwa ndio kwanza amerudi kutoka kazini, viatu mkononi. Mzee alitandaza kadi aliyochorea kila risasi ilipotua. Za mwanzo zilikuwa zimekusanyika katikati kama vifaranga. Kisha zikaanza kuachana, moja juu, moja chini, mpaka mwisho wa kadi.

"Fundi," akaniambia, "upepo unapeleka risasi kando. Juu na chini ni baruti, ama ni mtu mwenyewe. Ulipima zote?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetafuta miwani. Mama alikuwa ananitazama, na nyanya, na mimi nilifikiria kile kipande cha muda tu, aibu ya dakika mbili ambayo ingenipata nikisema hapana. Dakika mbili, rafiki yangu. Labda na kofi la mama.

"Nilipima zote, Babu."

Aliikunja kadi, akaiweka katika mfuko wa shati.

"Basi ni mimi," akasema. "Mwanzo nilikuwa sawa. Halafu nikachoka."

Nyumba iliuzwa kabla ya mwaka mpya. Bunduki ilichukuliwa na mwenye duka la silaha, na ile mizani, ndani ya sanduku lake la mbao, alinipa mimi. Siku ya kuondoka alimwomba nyanya radhi kwa kutuhamisha, kana kwamba yeye ndiye aliyetukosea. Sisi tukaenda Seven Hills, katika ghorofa ambalo treni ikipita sahani hutetemeka kabatini, na nyanya akakosa ua wa kupanda sombe yake. Jioni moja, tukifungua maboksi, mama aliacha boksi lake akakaa juu ya kitanda.

"Ule muzee alikuwa bado na nguvu," akasema. "Miye niko naona wenye kuchoka kila siku ku kazi. Yeye hakukuwa bado."

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea sisi watoto tuliokulia huku, kwamba wazee hujijua wenyewe. Kwa Kiswahili nisingeweza kulitamka.

Baada ya kisa cha maabara nilijiapiza kumaliza jambo hili. Jumamosi nikapanda treni hadi Granville, sijui kwa nini, labda nilitaka kupata ujasiri mahali pale pale. Hakuna kitu. Nyumba imebomolewa na kijumba chetu nacho, na mahali pao pamesimama nyumba mbili za ghorofa zilizoshikana, nyeupe, hazina ua, na gereji zake zina magari. Ngazi tulizokalia zimezikwa chini ya saruji. Harufu ile ya tangawizi na shaba sijui niitafute wapi. Nilikaa kwenye ukuta mfupi wa jirani, nikatoa karatasi niliyokuwa nimeandika maneno yangu usiku uliopita, mistari sita, nikapiga namba ya Melbourne ambayo mama amekuwa akiitunza.

Mwanawe alipokea, akafurahi, na kwa kuwa siku hiyo alikuwa amemtembelea baba yake huko kwa wazee, akampa simu. Sauti ya Babu Jirani imekuwa ndogo, lakini Kiswahili chake kilikuwa kilekile. Aliuliza habari za nyanya, kama amepata ua. Akanieleza kuwa mahali anapokaa wana bustani nzuri na chakula kisicho na chumvi. Akasema huwaambia wenzake mezani kuhusu msichana wa Kikongo aliyempimia risasi sitini bila kukosea hata moja. "Mikono yako ilikuwa safi," akasema. "Ni yangu ilikwisha. Lakini angalau nilijua wakati, si kama hawa wengine wanaovutwa kwa nguvu." Alilisema hilo kwa fahari. Nilisikia kabisa kwamba ndilo jambo lililobaki la kumfariji.

Unaweza kusema nilinyamaza kwa kumhurumia. Nimejaribu kuliamini hilo tangu Jumamosi, na haliingii, kwa sababu nilikuwa nimeikunja karatasi kabla hajafika kwenye maneno hayo. Ile mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na pengine ungenisamehe. Safari hii nina kumi na minane. Aliniuliza kama nilikuwa na neno la kumwambia, kwa kuwa vijana hawapigi simu bure. Nikamwambia hapana, Babu, nilitaka kukusalimia tu.