Sauti ya Rebeka na Diski Iliyojaa

Evelina Machibya ndiye anayerekodi kwaya yetu hapa Mkolani, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, kwa kompyuta ya mfumo wa Linux aliyoitengeneza mwenyewe. Jumamosi ile tulifika tumechangamka kama watu wa harusi. Lakini kesho yake Mama Rebeka, Mayu kama tunavyomwita kwa Kisukuma, mwimbaji wetu mkuu, alikuwa anakwenda kupasuliwa koo, na daktari hakumwahidi kwamba ataimba tena, basi tulitaka kuihifadhi sauti yake.

Tulipotaka kuanza, mashine ikagoma. Diski imejaa.

"Nafuta programu ya video," Evelina akasema. "Hakuna anayeitumia."

Akaandika amri. Mashine ikamwonyesha kwanza kila kitakachoondoka pamoja na programu hiyo, ikauliza: ndiyo au hapana?

"Ndiyo!" akadakia Nestory, mwalimu wa kwaya. "Bonyeza, dada, jua linakwenda!"

"Mwalimu, ungekuwa unaimba kwa haraka hivyo tungeshakukimbia." Kidole cha Evelina kilikuwa kinashuka taratibu kwenye skrini. Kikasimama. "Haya, oneni. Hata programu ya kurekodi imo."

Tukasogea kwenye skrini.

Akatueleza kwamba programu hizo ziliingia pamoja katika kifurushi kimoja. Ya kurekodi haikuwahi kuombwa kwa jina lake. Ilikuja kama shemeji aliyemsindikiza bibi harusi akabaki. Ukifuta moja kifurushi kinavunjika, na mashine inamwona shemeji hana tena mwenyeji, inamtoa nje.

"Shemeji anayepika hafukuzwi!" mwanakwaya mwenzetu Bernadeta akapiga kelele kutoka nyuma, na hata Nestory akacheka.

Evelina akaijibu mashine hapana. Kisha akaandika mstari mfupi kuiambia mashine kwamba ile ya kurekodi tunaitaka yenyewe, iwe imeletwa na nani. Akarudia kufuta, kwanza kwa majaribio tu. Akasoma tena, neno kwa neno. Safari hii ile ya kurekodi haikuwemo. Hapo ndipo akabonyeza ndiyo, na nafasi ilipofunguka vigelegele vikatoka hadi barabarani.

Rebeka akaimba. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiisikia sauti yake kama ninavyoliona ziwa letu, kitu ambacho kipo tu.

Alipomaliza akavaa visikizi, akajisikiliza, akakunja uso.

"Ubeti wa pili nimeuparamia. Nafasi bado ipo?"

"Ipo tele, Mayu."

"Basi simameni vizuri. Tunaimba tena."