Kicheko Kaburini kwa Kasyoka

Mimi ni mama wa hapa Matiliku. Kabla sijaugua nilikuwa nauza ndengu sokoni, na gunia nilijibebea mwenyewe. Presha sikujua ninayo.

Asubuhi moja nikipepeta ndengu, ungo ulinianguka. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, mdomo ukaenda upande, mate yakachuruzika. Nilitaka kumwita binti yangu Mwende, nikatoa sauti kama ya ng'ombe.

"Mama amepata stroke, yaani kiharusi," daktari alimwambia Mwende hospitalini. "Mshipa wa damu umeziba kwenye ubongo."

Nilirudi nyumbani nikiburuta mguu. Nilijikojolea, Mwende akanibadilisha kama mtoto. Hayo niliyavumilia. Kilichonishinda ni kicheko. Mtu akiniambia mbuzi amekufa, nacheka mpaka pumzi inakatika, na ndani sina furaha hata chembe.

Kisha dada yangu Kasyoka akafariki, huko Nuu alikoolewa. Jeneza liliposhushwa, nikacheka. Kicheko kikubwa, mbele ya watu wote. Kaka yetu Kioko alinishika bega.

"Unamcheka Kasyoka?"

Nilitaka kusema hapana. Kicheko kikazidi.

"Mtoeni hapa!"

Walimfukia dada yangu mimi nikiwa nyuma ya choo, Mwende amenikumbatia. Tangu siku hiyo nilikataa chakula. Nilitaka nimfuate.

Mwende alinirudisha kwa daktari kwa nguvu. Daktari akaniangalia mimi, si yeye.

"Mama, huna wazimu wala mapepo. Ubongo hutuma habari zake kwa kutumia kemikali. Stroke imeharibu njia za kemikali hizo, ndiyo maana breki ya kicheko haishiki. Hata hiyo huzuni nzito inaweza kutoka hapo."

"Atapona?" Mwende akauliza.

"Kuna dawa ya kuongeza kemikali moja, serotonini. Kicheko kitapungua. Zaidi ya hapo siwezi kuahidi."

Kimepungua kweli. Mkono bado umelala. Mwende alienda kumweleza Kioko, akajibiwa, "Kemikali haicheki. Mtu ndiye hucheka." Mpaka leo hanisemeshi.

Ndugu zangu, mkiona mdomo wa mtu umeenda upande, msingoje, mkimbizeni hospitali. Na mgonjwa wenu akicheka penye kilio, msimtoe. Mshikeni mkono, asimame hapo hapo na nyinyi.

Juzi Mwende alinipeleka Nuu. Nyasi zimeota juu ya Kasyoka. Nilikaa chini nikalia, kilio cha kawaida kama cha mtu yeyote. Namshukuru Mungu kwa kilio hicho.