Kizimba cha Nungunungu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia shangazi asiguse kizimba changu. Nilikitengeneza mwenyewe kwa nondo na wavu wa chuma, baada ya kujifunza kuchomelea kwa kutazama video kwenye simu. Mlango nilikuwa nimeurudia mara nne ili uanguke sawasawa, na niliogopa mtu mwingine akiushika utapinda. Nikakitega kwenye bustani yake ya viazi vitamu, ambayo nungunungu alikuwa akiivamia usiku, nje kidogo ya Kharumwa, nikapanda basi kwenda Shinyanga kufuatilia vyeti vyangu. Nilikaa siku mbili.

Niliporudi nilimkuta nungunungu amekufa ndani kwa jua. Shangazi alikuwa amemrushia maji kwa kopo. Kufungua hakuthubutu, kwa sababu nilimkataza. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nimekula.

Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji na maelezo niliyoyaandika kurasa mbili. Alisoma nusu ukurasa, akasema mnyamapori ni mali ya Serikali hata akiwa ndani ya viazi vyako, na siku nyingine nianze kwa kuuliza. Akanipa namba ya afisa wanyamapori wa wilaya. Huyo alituruhusu kutega kwa sharti kwamba mnyama akinaswa tumpigie hapohapo, tusimuue wala kumhamisha.

Viazi viliendelea kuliwa. Shangazi hutegemea viazi hivyo kupata michembe, vile vipande vinavyoanikwa juani, ambavyo ndivyo chakula chetu kiangazi kizima. Basi nikatega tena, safari hii bila kwenda popote. Kwa wiki tatu niliamka alfajiri kuchungulia, nikimwomba Mungu kizimba kiwe kitupu, kisha nikikasirika kwamba ni kitupu.

Asubuhi moja alikuwemo. Nilipiga simu, afisa akasema yuko upande mwingine wa wilaya na pikipiki, atafika jioni. Nimfunike, nimpe maji, nizuie watu. Nikaenda kutafuta turubai lisilo na tundu hata moja. Niliporudi, shangazi alishamfunika kwa magunia aliyoyalowesha na kumsukumia bakuli la maji kwa fimbo. Nikaanza kuyanyoosha magunia. Akanipiga kofi dogo mkononi.

Jirani yetu, mchimbaji anayeshinda kwenye mashimo ya dhahabu, alikuja kutazama. Akatueleza jinsi nyama ile inavyolainika kwa karanga, na kwamba hata miiba ina wanunuzi.

"Mdogo wangu, unamwekea kivuli kama bwana harusi. Huyo ni kitoweo."

"Kitoweo chako kakitafute shimoni," shangazi akamjibu. "Hapa hafi mwingine."

Jirani alicheka, akavuta ndoo akaikalia, akaanza yeye mwenyewe kufukuza waliokuja kuchungulia. Mimi kila baada ya muda niliinua gunia nione kama mnyama bado anapumua, mpaka shangazi akasema kwa upole kwamba nitamuua kwa hofu kabla jua halijamuua. Nikakaa chini. Kukaa kule kulinichosha kuliko kuchomelea.

Afisa alifika jua likishuka. Nilitaka ampeleke mbali sana. Akasema mnyama akitupwa mahali asipopajua anaweza kufa njaa, au ataingia bustani ya mtu mwingine, na huyo mtu hatapiga simu. Akauzunguka uzio wa bustani, akatuonyesha mnyama alipochimba na kupita chini yake. Kisha akasema aachiwe palepale; tukarudi nyuma wote, shangazi akavuta mlango kwa kamba. Nungunungu alibaki ndani kwa muda, kisha akatoka polepole, miiba ikigongana, akapotelea kwenye majani marefu.

Tangu hapo hatutegi. Tumezika mabati chini ya uzio kuzunguka bustani nzima, shangazi na jirani wakipigilia upande mmoja bila mimi. Upande huo umekaa kombo, na sijaurudia. Viazi vichache vya pembeni bado vinaliwa; vilivyobaki tunavianika.