Kifaa Changu Kilivyokataa Kuzeeka Ikutha

Hadubini imenionyesha uongo wa auntie yangu leo. 😭

Watu wa kanisa langu, mnajua utafiti wangu: naangalia vile kifaa cha kutoa stima kwa haidrojeni huzeeka ndani na kupata nyufa kikitumika kila siku.

Kimoja nilimwachia auntie kule Ikutha akiwashe kila siku. Miezi mitatu, kila jioni ananitumia meseji: "Imewaka, mwanangu."

Leo kimerudi maabara, nimekifungua, nikaweka kipande kwa hadubini.
Hakuna ufa hata mmoja. Kipya kabisa!

Nikampigia.

"Si nilikifunika na kitambaa cha kufuma pale sitting room? Kitu nzuri hivyo haichezewi."

Na zile meseji, auntie?

"Ulikuwa unafurahi sana ukizipata."

Na Jumapili nilisimama kanisani nikamshukuru kwa jina kwa kunisaidia na utafiti.
Nyinyi wenyewe mlipiga makofi.