Waya wa Boti ya Mwaya

Mwenye boti alinichukia tangu siku ya kwanza, nami sikuwa na sababu ya kumpenda. Alikuwa Mnyakyusa wa Mwaya, mkulima tajiri wa mpunga, aliyeng'oa injini ya lori bovu na kuifunga kwenye boti ya mbao ili asafirishe mchele katika Ziwa Nyasa. Alitaka taa nne na pampu ya umeme ya kutoa maji yanayokusanyika chini ya mbao za kukanyagia. Mimi nilikuwa nimetoka tu katika gereji moja ya Iringa, ambako kwa miaka kumi na mmoja nilimshikia fundi mkuu taa na spana. Umeme nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, na kamusi pembeni. Boti ile ilikuwa kazi yangu ya kwanza bila bwana juu yangu. Kama ingenishinda, hapakuwa na pengine pa kwenda ila kurudi gerejini kushika taa.

Tulikwenda Mbeya pamoja kununua waya, kwa kuwa hakuniamini niende peke yangu. Mwenye duka, Mhindi mwembamba asiyeinuka kwenye stuli yake, alituletea bunda la waya wa nyumba: uzi mmoja mnene wa shaba ndani ya mpira mweusi. Mwenye boti akaukunja kwa vidole. Ukabaki umekunjika vilevile. Akafurahi.

"Huu unashika," alisema. "Sisi Wanyakyusa tunajenga kwa mianzi. Kamba isiyoshika ni ya nini?"

"Hatufungi mianzi, bwana," nikamwambia. "Injini inatetemeka. Waya wa uzi mmoja ukitetemeshwa unachoka, tena hukatikia ndani ya mpira, wala hutauona. Tunataka wa nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja, na kila uzi uwe umepakwa bati, uwe mweupe."

Mwenye duka akanitazama kuanzia viatu. "Fundi umesoma wapi?"

"Kitabuni."

"Kitabu kinajua kuogelea?"

Mwenye boti alicheka mpaka akashika kaunta. Niliwaacha wamalize. Kisha nikafungua kipande cha waya huohuo kilichofungia bunda, nikakikunja huku na huku nikihesabu kwa sauti. Mara ya kumi na nne kikakatika. Nikaviweka vipande viwili mbele yao.

"Na botini mwangu nani atakaa akiukunja hivyo?" mwenye boti akauliza. "Wewe?"

Waya wa nyuzi nyingi ulikuwepo dukani, wa malori, lakini ulikuwa umevikwa kitambaa cha pamba, na pamba hunywa maji kama utambi unavyokunywa mafuta ya taa. Nikaukataa. Mwenye duka akaurudisha rafuni kwa kishindo. "Huyu usimlete tena," alimwambia mwenye boti, kana kwamba mimi ni mbwa aliyeingia nyuma ya bwana wake.

Barazani mwenye boti alinipa wiki moja. Nikifika Mwaya na waya, nifunge. Nisipofika, angenunua ule unaoshika, na mtu wa kuufunga angempata siku hiyohiyo.

Nilijua mahali pamoja tu ambapo nimewahi kuona waya wa nyuzi nyingi ndani ya mpira: stoo ya gereji niliyoiacha. Nilipanda lori, tukalala Igawa kwa sababu ya matope, na kesho yake jioni nikawa Iringa. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, maana siku ya kuondoka nilimwambia fundi mkuu, mbele ya mafundi wote, kwamba hajui kwa nini fyuzi huungua, anajua kuzibadilisha tu.

"Kamwene," nikamsalimu asubuhi.

Hakuitika. Kwetu Uhehe mtu asipoitikia salamu hiyo, hajasahau. Ameamua.

Nilimweleza ninachotaka. Akaenda stoo, akaburura bunda, akamenya ncha na kunisogezea puani. Nyuzi nyingi, nyembamba, nyekundu.

"Hazina bati," nikasema.

"Kitabu chako kinasemaje?"

"Kwamba kwenye chombo cha majini shaba tupu huliwa na kutu ya kijani."

"Majini gani?"

Nikazishika nyuzi zile, nikazigeuzageuza.

"Nakuuliza wewe msomi. Majini gani?"

"Baharini."

"Na Nyasa lina chumvi?"

Maji ya Nyasa nilikuwa nimeyanywa kwa kiganja siku tatu kabla. Sura ile ya kitabu nilikuwa nimeisoma pengine mara ishirini, na neno bahari limo karibu kila ukurasa. Sikulijali kwa sababu bahari sikuwahi kuiona. Kwa mtu wa bara kama mimi, mzaliwa wa Igowole, maji mengi yalikuwa maji mengi tu.

Hata hivyo sikutaka kuchukua waya kwa sababu ya kushindwa kwa maneno. Nilimuuliza kama ana kipande cha waya huo kilichokaa majini. Akanitupia kimoja kilichotoka kwenye pampu aliyoifunga kwenye mto Ruaha miaka sita nyuma. Nilikimenya mbele yake. Ncha ilikuwa kijani kwa upana wa kidole kimoja, na kutoka hapo shaba ilikuwa nzima. Ncha zikizibwa kwa risasi ya kulehemu, hata hicho kidole kingepona.

"Nikatie," nikasema.

"Kwanza waambie hawa kwamba ulisoma usielewe."

Mafundi wanne walikuwa wameshaweka vyombo chini kutusikiliza. Nikasema.

"Huyo wa chini ya gari hajasikia."

Nikarudia kwa sauti. Aliyekuwa chini ya gari alipiga bodi kwa spana kushangilia. Fundi mkuu alikata urefu nilioutaja, bila shibiri moja ya ziada, akanigeuzia mgongo kabla sijaukunja. Alikuwa amesema kweli, na kwa hilo nilimchukia zaidi.

Kazi ya Mwaya ilichukua siku nne. Kila asubuhi mwenye boti aliingia na kuvuta viungo vya jana, kimoja kimoja, kwa nguvu za mtu anayeng'oa muhogo. Hakikung'oka hata kimoja. Siku ya tano boti ikashushwa. Injini iliwashwa, mbao zote zikatetemeka, nami nikasimama na kidole juu ya waya wa pampu tangu ufukweni hadi mahali ambapo watu wa nchi kavu hawakuonekana tena sura. Taa zote nne ziliwaka. Pampu ilitapika maji. Tuliporudi mwenye boti alizima injini, akatazama taa, akanitazama mimi.

"Kazi imekwisha," alisema. "Shuka."

Nikakusanya vyombo vyangu, nikashuka.